Mguu wa Mama Mkwe

Katika mji wa Kolwezi kila kidonda ni asidi. Hilo ndilo somo la kwanza nililolipata nilipoanza kazi ya uuguzi katika zahanati moja ya Dilala, na sikulipata kwa walimu bali kwa wagonjwa. Mchimbaji wa Kasulo aliyeangukiwa na jiwe shimoni: asidi. Mzee ambaye hajageuzwa kitandani tangu mvua zianze, mpaka nyama ya makalio imeoza kwa kulaliwa: asidi, ilimfikia kwa njia ya hewa. Mama anayeuza samaki wakavu sokoni, ambaye kiwanda cha shaba hajakikaribia maishani mwake: asidi vilevile. Ukimuuliza ilimpataje, anakutazama kwa huruma, maana ameshaona kwamba daktari wake hakumaliza shule.

Wasiosema asidi husema wamekanyaga kitu walichotegewa njiani. Hao ni wagumu zaidi, kwa sababu aliyetega huwa ni ndugu, na ukianza kusafisha kidonda inabidi usikilize habari za ukoo mzima huku maji ya chumvi yanapoa.

Mimi nami nilikuwa na kiburi changu. Niliwahi kupelekwa Lubumbashi kwa mafunzo ya vidonda, na nikarudi nikiwa siwezi tena kuona mguu bila kuusoma. Kanisani nilisoma miguu. Sokoni nilisoma miguu. Nikiwa nimepanda taxi-moto, pikipiki ya abiria, nilisoma miguu ya watu wa pembeni mwa barabara, mpaka shingo inauma. Mke wangu alinionya mara nyingi kwamba watu hawajui kuwa natazama mishipa ya damu. Wanachojua ni kwamba mume wa mtu anatazama miguu ya wanawake.

Na kweli mguu husomeka. Kuna kidonda kinachokaa upande wa ndani, juu kidogo ya kifundo. Ni kipana, kina majimaji, na ngozi inayokizunguka imegeuka rangi ya kahawia. Hicho kimetokana na damu inayoshindwa kupanda kurudi juu. Mguu wenyewe umevimba, na mgonjwa akiuinua anapata nafuu. Huo unaufunga kwa bandeji ya mpira, unaukaza kuanzia vidoleni mpaka chini ya goti, na ukiwa na subira unaona muujiza. Lakini kuna kidonda kingine, kidogo, kikavu, mara nyingi kwenye kidole au kisigino, kingo zake zimekatika sawasawa. Mguu wake ni baridi, ngozi inang'aa, vinyweleo vimekwisha. Mgonjwa huyo akiinua mguu anaumia, akiuning'iniza anapumua, kwa sababu kwake damu ndiyo haishuki kufika. Ukiukaza mguu wa namna hiyo, umeunyonga. Bandeji ni ileile na mkono ni uleule, huku unaponya na huku unaua.

Kazi yangu ilikuwa kuwatenga hawa na wale, na niliijua. Watu walitoka hata Kasaji, wamekaa juu ya pikipiki pamoja na mizigo ya mihogo, wakiulizia nyumba ya dokta wa vidonda. Mimi si daktari. Lakini huku kwetu yeyote mwenye koti jeupe ni daktari mpaka siku atakapokosea, ndipo watu wanapokumbuka kwamba ni muuguzi tu.

Katika Kolwezi nzima kulikuwa na mguu mmoja niliokatazwa kuutazama. Ulikuwa wa mama mkwe wangu.

Familia ya mke wangu ni watu wa Kasai. Babu zao waliletwa huku kufanya kazi ya mgodi na hawakurudi, lakini desturi walizozifunga kwenye mizigo siku ile wamezitunza bila kuzikunjua. Huko Kasai kwenyewe, naambiwa, mkwe sasa anasalimiana na mama mkwe wake, tena wanapigiana simu. Dilala, hapana. Sisi wa kaskazini mwa Katanga pia tunaona haya mbele ya wakwe, lakini haya yetu ilishazoea mji. Yao bado ilikuwa mpya kabisa.

Basi tangu siku niliyooa, mama mkwe akawa kwangu mgongo na sauti. Akiniona naja upande huu wa barabara, anahamia upande ule, anajifunika kitenge kichwani na kusubiri nipite. Hatukuwahi kushikana mkono. Hatukula meza moja. Nikienda kumtembelea nilikaa sebuleni, kwenye kiti kilichotandikwa kitambaa cha kufuma, naye akakaa uani karibu na mbabula, jiko lake la makaa. Kati yetu palikuwa na pazia la maua, na mke wangu akipita chini yake kubeba maneno kwenda na kurudi. Tulipendana sana kwa njia hiyo. Hakuwahi kunisema vibaya wala mimi kumsema vibaya, na sijui wakwe wangapi wanaoonana kila siku wanaweza kutamka hayo.

Alikuwa mjane, ameachiwa nyumba ya zamani ya kampuni ya mgodi, na alikuwa mtu wa kutembea. Taxi-moto alizikataa, kwa sababu huko juu mwanamke anapanua miguu nyuma ya mwanaume asiyemjua. Alikwenda sokoni kwa miguu, kanisani kwa miguu, kwenye misiba ya mitaa ya mbali kwa miguu. Akina mama wa kanisa walimtuma kutazama wagonjwa kwa sababu walijua hatangoja mtu wa kumbeba. Kitu alichokiogopa kuliko kufa ni kuwa mtu wa kukaa uani akisubiri watu wamkumbuke. Alilisema hilo wazi, tena mara nyingi, nami nililisikia nikiwa upande wangu wa pazia.

Siku moja mke wangu, akiwa anakoroga bukari, ugali wa jioni, akaniambia:

"Tata, mama iko na kilonda."

"Fasi gani?"

"Ku muguu."

"Muguu ni murefu. Fasi gani ku muguu?"

"Nilimuuliza. Alisema, ambia mukwe ni ku muguu."

Nikamtuma aulize kama kinatoa maji au ni kikavu. Kesho yake akarudi na jibu: "Alisema iko kadogo tu, usiteseke roho." Nikamtuma aulize kama kinauma. Jibu: "Alisema Mungu anamusaidia." Nikamtuma aulize kama mguu ni baridi, na hapo mama mkwe akatuma salamu kwa wazazi wangu.

Hivyo ndivyo nilivyokuwa nachunguza mgonjwa, mimi niliyefuatwa na watu wa Kasaji. Kila swali liliondoka kwangu likiwa la uuguzi, likarudi likiwa la adabu. Nikamwambia mke wangu amtazame yeye mwenyewe, kwa macho yake, kisha anisimulie. Mama akakataa. Alijua nitamhoji binti yake, na kwake yeye kusimuliwa mguu na kuonyeshwa mguu kulikuwa kitu kimoja.

Basi nikasema aende kwa muuguzi mwingine. Kulikuwa na mama mmoja makini sana, mwenye zahanati upande wa pili wa Dilala. Jibu la safari hii lilirudi haraka kuliko yote: haiwezekani. Dilala nzima inajua mkwe wake ndiye fundi wa vidonda. Akionekana amepanga foleni kwa mtu mwingine, watu watasema mkwe amemkataa, au watasema mkwe hajui kazi. Hawezi kuniaibisha hivyo. Kwa hiyo, kwa kuniheshimu, hakuweza kuja kwangu. Na kwa kuniheshimu, hakuweza kwenda kwa mwingine. Heshima ilikuwa imetosha pande zote. Kidonda tu ndicho kilichokosa pa kwenda.

Nilikasirika, nikanuna, nikakataa kula jioni moja, na jambo likaishia hapo. Baada ya muda mke wangu akasema mama anaendelea vizuri, nisijali. Alisema hivyo huku akitabasamu kidogo. Nikadhani amefurahi tu kwamba nimeacha kununa.

Karibu na siku zizo hizo alikuja zahanati yule mama wa samaki wakavu. Alikuwa jirani wa mama mkwe, ukuta kwa ukuta, na waliimba kwaya moja. Asidi yake alikuwa nayo miaka na miaka, na kila mara nilipomwambia aje alikuwa na sababu ya kutokuja. Sasa alikuja mwenyewe, amevaa nguo ya Jumapili, akakaa kwenye benchi na kunyoosha mguu kabla sijamwambia. Sikumuuliza kilichombadilisha. Mgonjwa akikusikiliza hatimaye, huulizi, unashukuru.

Kilikuwa kidonda cha kufundishia wanafunzi. Upande wa ndani wa mguu, juu ya kifundo, kipana, kimelowa, ngozi ya kahawia, mguu umevimba. Nikabonyeza juu ya wayo, nikasikia damu inapiga vizuri. Nikakisafisha, nikachukua bandeji ya mpira, nikaanza kufunga.

"Dokta," akasema, "unifundishe. Mi mwenyewe nitakuwa nafunga ku nyumba."

Nikamfundisha. Sijawahi kupata mwanafunzi kama yule. Alirudia maneno yangu neno kwa neno: kaza chini, legeza kadiri unavyopanda, usiache nafasi, usifungue mpaka siku ya kuosha, mwanzoni kitauma, vumilia. Akafunga mwenyewe, akafungua, akafunga tena mpaka nikaridhika. Kisha akaomba bandeji ya pili. Nikafikiri ni ya kubadilisha, moja ikifuliwa avae nyingine, na nikampa kwa moyo mkunjufu. Nilisema moyoni: laiti wagonjwa wote wangekuwa hivi.

Haikupita muda mrefu, mama mkwe akaniletea chakula. Kuku mzima, kapikwa kwa nyanya, na firigisi imewekwa juu peke yake kwenye kisahani, kwa sababu firigisi ni ya mwanaume anayeheshimiwa. Mke wangu akauleta ujumbe: "Mama anasema aksanti ya kazi yako." Nikaona ni shukrani za jumla, kwa ukwe wangu mwema. Nikaila ile firigisi, na nakumbuka ilikuwa tamu.

Jumapili moja baada ya ibada tulikwenda kumtembelea. Nikakaa kwenye kiti changu cha kitambaa, pazia likiwa mahali pake, na mama mkwe uani. Upepo ulikuwa unatoka huko nyuma. Pazia huzuia macho, lakini pua haina mkwe. Nilisikia harufu ninayoijua. Haikuwa ya usaha wala ya uchafu. Ilikuwa harufu ya nyama inayokufa.

"Nani iko na kilonda huku?" nikamuuliza mke wangu.

Akacheka. Alikuwa ameitunza siri yake kwa fahari, na sasa aliona wakati wake umefika.

"Tata, ulishamutunza mama, na weye mwenyewe haukujua."

Akanieleza yote, ameketi kwenye mkono wa kiti changu. Mama alikuwa amemwendea jirani yake wa samaki na kumwambia: wewe una kidonda, mimi nina kidonda, wewe si mkwe wake, wewe unaweza kumwonyesha, nenda na chako, ukirudi nitafanya kile alichokuambia. Kidonda ni kidonda. Na kweli jirani akaenda, akarudi na mafunzo yangu na bandeji mbili. Wakawa wanakaa uani asubuhi, wanawake wawili, kila mmoja anafunga mguu wake na kuukagua wa mwenzake, wakirudia maneno yangu kwa sauti ili wasikosee. Wa jirani ulipona haraka. Wa mama ulichelewa, wakasema ni uzee.

Nikamshika mkono.

"Yake iko ku kidole?"

"Ku kidole. Kile kikubwa. Kiatu ilimuuma njiani, njo ikaanza."

"Muguu iko baridi?"

"Baridi sana. Njo maana anakaa karibu ya mbabula."

"Na akilala?"

"Anaiteremusha chini, pembeni ya kitanda. Kama haiteremushe, halale."

Majibu yote niliyoyasaka kwa muda wote ule yalikuwa yananyesha sasa, na kila moja lilikuwa baya kuliko lililotangulia. Nikamwambia aende akamwambie mama afungue ile bandeji, sasa hivi. Akaenda. Nikasikia sauti ya mama mkwe, tulivu, yenye adabu zake zote:

"Mukwe alisema isifunguliwe mpaka siku ya kuosha."

Nikamrudisha mke wangu. Nikasikia tena:

"Alisema ikiuma, nivumilie. Navumilia."

Hapo nikasimama. Sijui niliamua saa ngapi. Nilipiga kelele, moja kwa moja, kupitia pazia:

"Mama! Fungula ile bande!"

Nilikuwa sijawahi kumwambia neno tangu nioe, na neno langu la kwanza lilikuwa amri, tena kuhusu mguu wake. Mke wangu alijishika mdomo. Huko uani nikasikia kigoda kinaanguka, hatua za mtu anayechechemea, mlango wa chumba, kisha ufunguo. Mama mkwe alikuwa amejifungia ndani na aibu yake na bandeji yangu.

Akaitwa mdogo wake, mjomba wa mke wangu, karani mstaafu wa mgodi, ambaye ndiye mdomo wa familia katika mambo ya desturi. Alifika akifunga vifungo vya koti. Akaketi, akanisikiliza mpaka mwisho, akatikisa kichwa kwa uchungu wa kweli. Kisha akasema kwamba hakuna anayenikataza kuuona mguu. Njia ipo, wazee waliiweka. Mkwe analeta mbuzi na kitenge, watu wanakaa kidogo, haya inafunguliwa, na baada ya hapo anaweza hata kumshika mama mkwe mkono.

"Muguu inakufa, tata," nikamwambia.

"Njo maana nasema mbuzi akuye leo," akajibu, na akaanza kutaja watu wa Dilala wanaofuga.

Ningependa kusema alikuwa mjinga. Hakuwa. Alikuwa na haraka kuliko sisi sote, haraka ya namna yake, na alikuwa tayari kwenda kumtafuta mbuzi yeye mwenyewe juani. Nilitamani kumpiga, na nilitamani pia kumshukuru.

Mke wangu hakungoja mbuzi. Alikwenda kwenye mlango wa chumba, akalia, akabembeleza, mpaka mama akamfungulia yeye peke yake, na akatoa onyo: mkwe akikanyaga humu, naifunga tena kwa nguvu. Kwa hiyo nilisimama nje ya mlango, nimegeukia ukuta, na mjomba pembeni yangu awe shahidi kwamba sitazami. Nikasikia mkasi wa vitambaa unakata mpira.

"Weka bidole mbili juu ya muguu, katikati," nikasema. "Kuko kintu inapiga?"

"Hakuna."

"Ku ule mwingine?"

"Kidogo. Kidogo sana."

"Kidole iko rangi gani?"

Nikasikia tu analia. Mjomba akaniwekea mkono begani, akaninong'oneza: "Weye ni mukwe ya kweli. Mwingine angeingia."

Alipelekwa hospitali kwa gari tuliloazima kwa mzee wa kanisa. Mimi nilifuata nyuma kwa taxi-moto, maana kukaa gari moja naye ilikuwa haifai. Daktari alikuwa mtu mpole. Alisema kidole kimekwisha, wayo umekwisha, na baridi inapanda. Pengine zamani kidogo mishipa ingeweza kutazamwa Lubumbashi, sasa ni kukata chini ya goti au kumpoteza mwenyewe. Akanivuta kando, muuguzi kwa daktari, akaniuliza ni nani aliyefunga ule mguu.

"Ni kufunga kwangu," nikasema.

Akasema alivyoambiwa na mke wangu, bandeji haikuwa na kasoro. Imekazwa chini, imelegezwa juu, hakuna nafasi iliyoachwa. Hakusema kwa kunidhihaki, na hilo ndilo lililoniumiza.

Mama mkwe alikubali kukatwa kwa utulivu ulioshangaza wote. Aliomba jambo moja tu: mkwe asiwe mle chumbani. Nikakaa kwenye benchi la korido na mjomba, tukatazama ukuta. Nilimwonea uchungu mwanamke yule. Alikuwa amefanya kila nililosema. Hakuna mgonjwa wangu aliyewahi kunitii hivyo.

Mchana mlango ukafunguliwa, muuguzi akatoka na kifurushi kirefu, kimezungushiwa plastiki na juu yake kitenge cha mama mwenyewe. Akauliza familia iko wapi. Katika hospitali ile, kiungo cha mtu hakitupwi, kinarudishwa kwa wenyewe wakakizike. Mjomba akasimama, akakohoa, akatafakari. Kisha akasema kwamba kuzika kiungo ni kuzika, na katika kuzika, kubeba na kuchimba ni kazi ya wakwe. Tangu zamani ni hivyo. Akachukua kile kifurushi kwa mikono miwili na kuniwekea mikononi.

Nilicheka. Nakiri kwamba nilicheka, peke yangu, katikati ya korido, na mke wangu akanitazama kwa jicho ambalo sitaki kulikumbuka. Mguu ambao sikuruhusiwa kuuona ulipokuwa hai, desturi ileile ilikuwa imenikabidhi uliokufa. Hakuna aliyetaja mbuzi.

Tulikwenda makaburini, mimi na mjomba na jembe. Akaomba sala fupi, nzuri, kisha akasogea mbali na kunipa mgongo, kwa sababu wenye damu hawatazami mkwe anapofanya kazi yake. Udongo ulikuwa mwekundu, umejaa mawe ya kijani, na jembe liligonga kila mara. Nilipomaliza shimo nilikaa ukingoni, nikafungua kitenge.

Ulikuwa mguu mwembamba wa mtu aliyetembea sana. Ngozi inang'aa, haina kinyweleo. Weusi ulikuwa umekula wayo mpaka karibu na kifundo, lakini kwenye kidole kikubwa kidonda chenyewe kilikuwa bado kinaonekana: kidogo, kikavu, kingo zimekatika sawasawa. Hakuna kilichokosekana. Mwanafunzi wa mwaka wa kwanza, amesimama mlangoni, angesema ni nini kabla hajavaa glavu. Nilijikuta nimeweka vidole viwili juu ya wayo, katikati, kwa mazoea, na nikaviacha hapo muda mrefu kuliko inavyohitajika kwa mguu wa namna hiyo. Nililia, kwa hasira zaidi kuliko kwa huzuni. Kisha nikaufunga kitenge, nikauzika, nikamwita mjomba tukaondoka.

Mama mkwe aliporudi nyumbani, sikwenda kumtembelea kwa wiki kadhaa. Nilikuwa na visingizio vyangu, kazi nyingi zahanati, mvua. Mwishowe mke wangu akaniburuta. Nikakaa kwenye kiti changu sebuleni, nikapewa maji ya kunywa, kisha mke wangu akatoka kwenda kwa jirani kuomba chumvi, na kwa mara ya kwanza tulibaki wawili, mimi ndani na mama mkwe uani, pasipo mtu wa kubeba maneno.

"Mukwe," ikaja sauti.

Nilidhani nimesikia vibaya. "Mama."

"Banasema njo weye uliizika."

"Ndiyo, mama. Ni mi."

Nikasikia anapanga makaa kwenye mbabula.

"Uliifungula?"

Nilikuwa na jibu la adabu tayari. Mtu wa Dilala hakosi jibu la adabu. Nikaliacha.

"Ndiyo, mama. Niliifungula. Niliiangaria."

"Na uliona nini?"

"Niliona kama ningeiona mbele, ingali muzima, tusingeizika."

Nikaanza kutazama mlango wa kutokea. Nilijua nimemvunjia heshima kwa namna ambayo mbuzi wa Dilala nzima hawawezi kuirekebisha. Kisha akasema, kwa sauti ndogo sana, si ya mama mkwe, sauti ya mgonjwa yeyote:

"Hii ingine nayo inaanza kuwa baridi."

Nikainuka, nikasogeza pazia, nikatoka uani. Alikuwa mdogo kuliko nilivyomfikiria miaka yote ile, ameketi juu ya kiti cha mbao, magongo yameegemezwa ukutani. Aliponiona hakukimbia, maana hakuweza. Alichukua kitenge chake, akajifunika uso wote mpaka kifuani. Mguu akauacha nje.

Nikachuchumaa mbele yake, nikaushika. Ulikuwa baridi, lakini damu ilikuwa bado inafika.